Wimbo Uliozeeshwa

Paleohori, Pogoni
7 Februari 1994

Binti yangu Areti,

Nauliza kwanza afya yako huko Athene, kama ni njema Mungu ashukuriwe. Sisi huku wazima. Theluji imefika usawa wa dirisha, mama yako kikohozi kimemwachia, na mbweha amekula kuku wetu wawili bila hata kuaga. Ungependa nipige simu, najua, lakini simu iko mkahawani kwa Lefteris, na ukiongea pale kijiji kizima kinakusaidia maneno. Kwa hiyo nashika kalamu.

Tumeitazama tamthilia yenu. Lefteris aliipandisha televisheni juu ya friji ili hata walio mlangoni waone. Jina letu la Zikos lilipopita mwishoni kwa umbo la kike, "Muziki umechaguliwa na Areti Zikou", mama yako alisimama akapiga makofi peke yake, mbele ya wanaume wote wale. Mimi nilikohoa.

Sasa nisikilize. Huyo Mke wa Sonara anaishi Yanina mwaka 1795, mmeuandika mwaka wenyewe kwa herufi kubwa. Halafu siku ya harusi yake anapigiwa klarineti! Mwanangu, klarineti ndiyo iliyokulisha na kukusomesha, mimi si wa kuitukana. Lakini mwaka huo ilikuwa bado haijavuka milima hii. Bibi yake bibi yangu angeiona angedhani ni bomba la jiko. Harusi za wakati ule zilikuwa za zumari na ngoma, au fidla na udi na tari kwa wenye nacho. Tena yule mpigaji wenu vidole vinapanda huku sauti inashuka. Na kinyozi naye, anamnyoa pasha, liwali mzima, huku akiimba wimbo wa walevi wa bandarini Pireo, wimbo ambao mimi nimeukuta mchanga!

Nikasema kwa sauti, "Huu ni upuuzi." Lefteris akaniambia, "Nyamaza, Fotis, watu wanalia." Na kweli walikuwa wanalia. Ndicho kilichoniudhi zaidi.

Kula vizuri. Mama yako anakutumia soksi na jibini. Jibini usiiweke karibu na soksi.

Baba yako,
Fotis

*

Athene
15 Februari 1994

Baba yangu,

Nakubusu mkono, na mama namkumbatia. Mimi mzima, ila mafua ya mji huu hayana adabu. Jibini imefika. Soksi zinanuka jibini.

Barua yako nimeisoma ofisini nikacheka mpaka wakaja kuuliza. Una haki kwa yote. Klarineti niliipinga siku tatu. Bwana Rigas, mwongozaji wetu, alinisikiliza vizuri, kisha akaniambia, "Areti, mtazamaji akisikia zumari anabadilisha kituo. Akisikia klarineti anaenda kutafuta leso." Nikamwambia kwamba mwaka 1795 haikuwapo. Akasema, "Na umeme je, ulikuwapo? Mbona tunawamulika kwa taa?" Basi nikaenda kumtafuta mpiga klarineti.

Lakini usidhani nimekaa bure. Walitaka gitaa kwenye maziko, nimelitoa. Walitaka kinanda kwenye nyumba ya sonara, nimekitoa, nimeweka tari na udi. Hapa wananiita Bibi Hapana. Kila nikisema hapana nakusikia wewe kwenye harusi za watu, ukimwambia bwana harusi aliyelewa, "Huo siupigi, huo si wa hapa." Nakushukuru kwa masikio uliyonipa, ingawa yananigombanisha na wakubwa.

Niandikie kila kosa unaloliona. Na sehemu ya sita msiikose, wewe na mama. Mkae pamoja.

Binti yako,
Areti

*

Paleohori
14 Machi 1994

Areti,

Afya zetu njema.

Jana tumeiona sehemu ya sita. Yule mzee kipofu chini ya ngome aliimba "Ndege uendaye kaskazini", beti zote mbili, na chini mkaandika: wimbo wa jadi wa Pogoni.

Unajua si wa jadi. Usiniulize nimejuaje kwamba unajua. Hata ningekuwa sijui, uso wa mama yako ungenieleza.

Umenivua nguo uwanjani.

Baba yako

*

Athene
20 Machi 1994

Baba yangu mpendwa,

Nakubusu mkono, kama bado unanipa. Afya yangu ni ya mtu aliyesoma mistari michache na akakosa usingizi.

Acha niseme, kisha uamue.

Nilipokuwa naondoka kuja Athene kusoma, mama alinikalisha jikoni akanieleza. Kwamba mwaka 1965 barua ya kiwanda cha Stuttgart, Ujerumani, ilikuja kwa jina lake, si kwa jina lako, kwa sababu walitaka vidole vyembamba vya kufunga nyaya za redio. Kwamba akaenda, wewe ukabaki na mimi nina miaka miwili. Kwamba wanaume mkahawani walikuita Fotini, kwa jina la kike, na wakakuuliza unanyonyesha saa ngapi. Na kwamba majira ya baridi yale ukatunga wimbo, na ulipoupiga mara ya kwanza wakakuuliza ni wa nani, ukasema ni wa babu yako, aliutoa ng'ambo ya mpaka. Tangu hapo umebaki wa babu yako.

Kwa nini nimeuweka? Katika sehemu ya sita mke wa sonara anachukuliwa kwenda Istanbul, mume anabaki na mtoto. Bwana Rigas akaniambia, "Nitafutie wimbo wa zamani wa mwanaume anayesubiri." Baba, nimefukua maktaba zote mbili za mji huu. Nimesikiliza kanda mpaka masikio yakauma. Kila wimbo, mwanaume ameenda ughaibuni na mwanamke yuko dirishani. Mama analia, dada analia, mchumba anazeeka. Mwanaume anayesubiri nimemkuta mmoja tu katika nchi nzima:

*Ndege uendaye kaskazini, pitia dirisha la kwake,*
*mwambie moto nauwasha mimi, na mwana alala kwa baba yake.*

Ningeandika jina lako, ningekuwa nimekutangaza bila idhini yako. Ningesema ni wa mwaka 1965, Bwana Rigas angeutupa. Basi nikauzeesha miaka mia na sabini ili usikike. Ni kosa, tena ni lile lile ninalowakatalia wenzangu kila siku. Lakini nilitaka mama ausikie ukiimbwa na mtu mwingine, watu wamenyamaza.

Mimi ndiye yule mwana aliyelala kwa baba yake. Ulinisuka nywele mpaka nilipofika miaka sita, mikia miwili, mmoja daima juu kuliko mwingine. Sikuwahi kukushukuru. Asante, baba.

Binti yako,
Areti

*

Paleohori
8 Aprili 1994

Binti yangu,

Afya yako iwe njema, na usingizi wako urudi. Sisi wazima wa mwili. Theluji imeyeyuka na barabara imekwenda nayo, ndiyo sababu moja ya kuchelewa. Ya pili ni kwamba nilikuwa sijui niandike nini.

Nyumbani hapakaliki. Usiku ule wa sehemu ya sita tulipanda njia ya nyumbani. Tulipofika mlangoni mama yako akasema, "Kwa hiyo babu yako ndiye aliyenitungia wimbo."

"Lambrini, si hivyo."

"Babu yako aliyekufa sijazaliwa. Alinipenda, maskini. Kesho nitamwashia mshumaa."

"Watu wanasikia."

"Huo ndio ugonjwa wako. Watu wanasikia! Mimi nimekaa miaka minne kwenye bweni la wanawake, vitanda sita chumba kimoja, nikirudi nakuta wimbo wangu una babu. Nimengoja uniambie, hata gizani, hata kwenye zizi la mbuzi. Umewaogopa Lefteris na Thoma kuliko ulivyonipenda mimi."

Kisha akachukua mto akaenda kulala chumba chako. Bado yuko huko.

Sikukasirika kwa sababu umeutoa wimbo. Nilikasirika kwa sababu uliimbwa vizuri. Yule kipofu wenu anavuta pumzi katikati ya neno, mwambie, lakini alipofika "moto nauwasha mimi", Thoma kinyozi aliinamisha kichwa. Thoma! Ndiye aliyeleta lile jina la Fotini. Nikajiuliza, kumbe mtu anaweza kuimba maneno haya mbele ya watu na dari isianguke.

Mkia mmoja ulikuwa juu kwa sababu ulikuwa hutulii. Kosa si langu.

Baba yako,
Fotis

*

Athene
18 Aprili 1994

Baba yangu,

Nakubusu mkono. Nimefurahi mno kwa barua yako, na mama mwambie chumba changu kina baridi, arudi kwake. Mimi mzima, lakini kazini hakuna uzima.

Kuna profesa mmoja wa nyimbo za jadi, Vlassopoulos, ameandika gazetini kuhusu makosa ya muziki katika tamthilia za kihistoria. Ametaja klarineti yetu, ametaja kinyozi, ameyataja yote uliyoyataja wewe, kana kwamba mlikaa meza moja. Mwisho ameugeukia wimbo wako. Anasema hauwezi kuwa wa mwaka 1795. Kwanza sauti yake inaruka kwa namna ambayo zumari haiwezi. Umetungwa na mtu mwenye klarineti mdomoni. Pili, anauliza, ni mwanaume gani wa zama zile angejisifu kuwasha moto na kulaza mtoto? Na ni mke gani aliyeenda kaskazini akamwacha mumewe nyumbani? Anasema wimbo huu haujafika hata miaka arobaini, na aliyeuita wa jadi ama hajui kazi yake ama anadanganya.

Ana haki neno kwa neno. Na wakubwa wa kituo wamewaka, kwa sababu tamthilia waliitangaza kwa kusema kila kilichomo ni cha wakati wake, hata vifungo. Bwana Rigas amenitetea, lakini wanataka ushahidi. Jumatano Kuu watamtuma huko binti mmoja anaitwa Danai, na kinasa sauti, awaulize wazee wa Paleohori wimbo umetoka wapi.

Baba, sijui nikuombe vipi. Sema tu ulivyosema siku zote. Ukisema umeurithi kwa babu, naye kwa babu yake, profesa atabaki na nadharia na mimi nitabaki na kazi. Wewe umelisema hilo maisha yako yote, halitakugharimu kitu.

Binti yako,
Areti

*

Athene
20 Aprili 1994

Baba,

Nakubusu mkono mara mbili. Afya njema, aibu nyingi.

Barua ya juzi ichome. Nimeandika kwamba halitakugharimu kitu. Nimelisoma neno hilo kichwani tangu nilipoitia barua sandukuni, na nilikimbia kurudi nikaomba mtu wa posta anifungulie, akanicheka.

Litakugharimu mama. Nilikwenda kuuchimbua wimbo ili usikike, sasa nakuomba uuzike tena kwa mikono yako, mbele yake, ili mimi nipate mshahara. Usifanye. Danai akija mpe kahawa, umwambie humjui babu wala mjukuu. Au jifanye mgonjwa. Au sema utakalo. Kazi ni kazi, nyingine itapatikana.

Naomba barua hii itembee haraka kuliko ile.

Binti yako,
Areti

*

Paleohori
28 Aprili 1994, Alhamisi Kuu

Binti yangu Areti,

Pasaka ikukute na afya. Sisi wazima. Mama yako anatia mayai rangi nyekundu na jikoni kote ni kama machinjioni.

Barua yako ya kwanza ilifika Jumatatu. Ya pili imefika leo asubuhi, yule Danai alikwisha kuja na kuondoka. Kwa hiyo nililolifanya nimelifanya bila ruhusa yako, na huenda nimekuchomea kazi. Nisimulie, kisha unihukumu.

Alikuja na basi la mchana. Binti mpole, amechoka, ametapika kwenye kona zote za mlima. Lefteris akampa limau na biskuti za mfungo. Mkahawa ulijaa kuliko siku ya mechi. Hata hajakibonyeza kile kinasa sauti, Lefteris akadakia, "Wa jadi! Andika, wa jadi kabisa!" Thoma akasema, "Mimi nilimsikia babu yake Fotis kwa masikio yangu." Babu yangu alikufa mwaka 1911, Areti. Thoma amezaliwa 1930. Mwingine akasema aliusikia kwa mama mkwe wake aliyekuwa bubu. Walikuwa wanakutetea wewe. Wote wale walionicheka, walikuwa tayari kuishika Injili na kuapa kwa ajili yako, na ni Wiki Kuu.

Danai akanigeukia mimi. "Na wewe, Bwana Fotis?"

Nilikuwa nimelishika neno tayari mdomoni. Babu. Ni neno dogo, nimelisema mara elfu. Hapo mlango ukafunguka akaingia mama yako. Anatoka kanisani, kwenye kupakwa mafuta, paji la uso linang'aa. Unajua wanawake wetu hawaingii mkahawani mchana bila sababu. Hakuketi. Alisimama pale karibu na makoti, mkoba mkononi, hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayengoja basi ambalo amekwisha kukata tamaa nalo, ila hana pengine pa kwenda.

Nikasema, "Binti, kimewaka hicho?"

"Kimewaka."

"Basi wimbo ni wangu. Nimeutunga mimi, Fotis Zikos, majira ya baridi ya mwaka 1965. Mke wangu alikuwa Stuttgart anafunga nyaya za redio, mimi nilikuwa hapa nafua nepi na kuwasha moto, na nilikuwa namkosa mpaka nikadhani nitarukwa na akili. Binti yangu ameuita wa jadi kwa sababu mimi niliuita hivyo kwanza. Profesa wenu ana masikio mazuri, mwambie namsalimu."

Nikangoja jina la Fotini. Nilikuwa nimejiandaa, hata ngumi nilikuwa nayo chini ya meza, mzee wa miaka sitini na miwili.

Lefteris akafuta meza isiyo na kitu. "Tulijua," akasema.

"Mlijua nini?"

"Fotis, babu yako alikuwa hawezi hata kumpigia mbwa mluzi. Tulijua tangu mwaka huo huo. Tuliona haya kukwambia."

Miaka yote hiyo, Areti. Mimi nawaficha wao, wao wananificha mimi.

Mama yako alitangulia kuondoka. Nilimkuta nyumbani, amepakua maharage, ameweka sahani mbili pamoja upande mmoja wa meza. Akasema, "Kula, yatapoa." Mto wake nimeuona umerudi.

Unisamehe kwa kazi. Na nakushukuru. Usingelifanya kosa lile, ningekufa na huyo babu kooni.

Baba yako,
Fotis

*

Athene
12 Mei 1994

Baba yangu, mama yangu,

Kristo amefufuka! Nawabusu mikono wote wawili, safari hii pamoja, maana nasikia mnakaa upande mmoja wa meza.

Nimeachishwa. Jina langu limetolewa kwenye sehemu nne zilizobaki, na wimbo nao. Mahali pake wameweka klarineti peke yake inayolia bila sababu. Bwana Rigas alinisindikiza mpaka kwenye ngazi, akanishika bega, akasema, "Ulikuwa unasema hapana kwa kila kitu, na ndiyo yako moja imekufukuzisha." Ni mtu mwema. Masikio hana.

Msinihurumie. Danai alinipa nakala ya kanda, ingawa hakuruhusiwa. Nimemsikia baba akisema, "namkosa mpaka nikadhani nitarukwa na akili," kisha kitambaa cha Lefteris kikifuta meza. Nimeisikiliza na nikarudia. Wenzangu wanarithi mashamba ya mizeituni. Mimi sibadilishani na mtu.

Profesa ameandika tena, mistari michache chini ya ukurasa. Anasema amesikia ushahidi wa Paleohori na anaomba radhi kwa kunishuku sijui kazi. Anasema nilijua vizuri mno. Na anasema wimbo hauna kosa lolote, ila ulitiwa kwenye nguo za mtu mwingine. Ameuingiza katika mkusanyo wake kwa jina lako na kwa mwaka wake.

Nimepata kazi Thesaloniki, kwenye jumba la michezo ya watoto. Mshahara mdogo, lakini dubu na mbweha hawana mwaka wa kuzaliwa, kwa hiyo hakuna wa kunikosoa. Agosti tutakuwa tunazunguka visiwani, sherehe yenu ya Bikira Maria itanipita. Mniandikie kila kitu.

Asante, baba. Ulikuwa na neno la kuniokoa mkononi, ukalitupa, na sijawahi kupewa zawadi kama hiyo.

Binti yenu,
Areti

*

Paleohori
17 Agosti 1994

Mwanangu wa tumboni,

Nakuuliza hali, nakubusu macho. Safari hii ni mimi mama yako. Baba yako midomo imevimba kama amebusiana na nyuki, na ameninyang'anya barafu yote ya Lefteris. Kuandika hawezi, anasema hata vidole vinamwuma. Amelala kochini ananisahihisha. Simsikilizi.

Unajua miaka miwili alikuwa amekataa kupiga kwenye sherehe, anasema meno ya bandia na klarineti ni ndoa mbaya. Mwaka huu walikuja vijana wa bendi ya Yanina na vipaza sauti vyao. Usiku wa tarehe kumi na tano uwanja ulijaa mpaka kwenye ukuta wa kanisa. Watu wamerudi kutoka Athene, kutoka Ujerumani, kutoka Australia. Mbuzi ishirini walichomwa. Katikati ya ngoma, Thoma kinyozi, huyo huyo, akapanda jukwaani, akamwambia kijana wa klarineti, "Shuka kidogo, mwanangu, mpishe mwenyewe."

Baba yako akapanda. Akaweka mdomo, akautoa, akasema kwenye kipaza sauti, "Huu ni wa Lambrini." Basi. Mimi nilikuwa nimeshika sahani ya mifupa, sikujua niiweke wapi.

Akaanza. Wanaume wakainuka kupanga mstari kama kawaida. Hapo Stamatia wa Kastani akasimama mezani kwake. Stamatia unamjua, aliyekuwa Stuttgart kitanda cha juu yangu. Akawaambia, "Ketini. Huu ni wetu."

Wakaketi! Na wanawake wakainuka, Areti. Sikujua tuko wengi hivyo. Olga wa kinu, alikuwa kiwanda cha chokoleti. Anthoula mjane, alikuwa hospitali akifua mashuka. Wawili wa kijiji cha juu ambao siwajui hata majina. Wazee, miguu imevimba, nguo nyeusi. Wakanitoa na sahani yangu, Stamatia akaninyang'anya akampa mwanaume mmoja aishike, wakaniweka mbele niongoze.

Nikawauliza, "Maneno mnayajua?" Olga akasema, "Mjukuu wangu aliyanasa kwenye televisheni. Tumeyaimba jikoni tangu Machi." Kumbe wakati wakubwa wako wanabishana mwaka, wanawake wa milima yote hii walikuwa wameshaondoka nao.

Kila wimbo wa ughaibuni tuliochezea maisha yetu ni wa mwanaume aliyeondoka. Sisi tuliondoka pia, tukarudi na masanduku na migongo mibovu, hakuna aliyeimba hata neno. Tulidhani ndivyo ilivyo. Nilikuwa mbele sioni mtu, lakini nyuma yangu nilisikia wanalia na wanacheza, bila kukosea hatua.

Beti mbili zilipoisha, baba yako akaurudia mzunguko, kwa sababu hatukutaka kukaa. Maneno yalikuwa yameisha. Ndipo Anthoula, ambaye tangu amzike mumewe hajatoa sauti, akaimba peke yake:

*Ndege ushukaye kusini, mwambie narudi kwake,*
*mikono imejaa nyaya, moyo u kwenye moto wake.*

Hakuna aliyemfundisha. Aliutunga pale pale, mguu ukiwa hewani. Tukaudaka wote. Na huu, mwanangu, hata Bwana Rigas hawezi kuupeleka kwa mapasha, nyaya zitamsuta.

Baba yako alipiga mpaka damu ikatoka kwenye fizi. Nilipomfikia akasema, "Nilikosea mahali pawili." Nikamwambia, "Pawili tu?"

Nakushukuru, Areti. Wewe na yule profesa pia, mwenye maneno makali. Nakushukuru kwa kunipotezea wimbo katika mwaka usio wake mpaka mwenyewe akaona haya akaja kuuchukua.

Nataka nikwambie moja la mwisho, na baba yako asisome. Leo asubuhi tulikuwa barazani tunachambua maharage. Akaniuliza, bila kuinua kichwa, "Lambrini, kule Stuttgart mlikuwa mnakula nini?" Miaka ishirini na mitano tangu nirudi, hakuwahi kuniuliza hata siku moja, wala la chakula, wala la baridi, wala la kazi. Nilidhani hataki kujua. Kumbe alikuwa anaogopa.

Nikaanza na supu ya viazi ya siku ya kwanza. Sasa hivi ananiita, anasema hadithi nilimwachia kwenye stesheni na sanduku lililofunguka. Naenda kumalizia.

Mama yako,
Lambrini